Madamu wa Kiti cha Nyuma

Nianze na kiti cha nyuma, maana mambo yote haya yalikuwa ya kiti cha nyuma, ingawa mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipoambiwa.

Mimi ni dereva. Nimeendesha magari ya nyumba moja hapa Doha tangu mahali penye minara ya vioo leo palipokuwa mchanga na mbuzi wawili watatu. Kusoma nilisoma chuoni, Kurani, na shule nikafika darasa la nne. La tano nililipita kwa nje, nikiwa utingo juu ya lori la mkonge kule Tanga, nikawapungia mkono wenzangu waliokuwa ndani. Kwa hiyo ukiona neno limekaa vibaya humu, lisogeze mwenyewe, sina ugomvi.

Mke wangu naye yuko Doha. Anapika katika nyumba ya watu wengine huko Umm Salal, na analala hukohuko. Mimi nalala Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na mlinzi Mkenya, mtu mzima mwenye mdomo mrefu. Mke wangu na mimi tunaonana Ijumaa. Baada ya sala tajiri wangu huniachia gari, naenda kumchukua, tunakula wali na samaki kwa Mhindi, tunakunywa karaki, ile chai ya maziwa ya huku, tunapiga simu kwa watoto, na jua likilegea namrudisha kwa watu wake.

Na katika gari yeye alikuwa akikaa kiti cha nyuma. Usiniulize ilianzaje. Gari la nyumba huku ndivyo lilivyo, mbele dereva, nyuma madamu. Yeye naye akipelekwa sokoni na dereva wa kwao hukaa nyuma vilevile, na kapu lake. Basi Ijumaa ya kwanza alifungua mlango wa nyuma kwa mazoea, mimi nikaondoa gari kwa mazoea, na tukaendelea hivyo miaka. Nilikuwa nikimtazama kwenye kioo. Kusema kweli, uso wa mke wangu naujua zaidi kwenye kioo kuliko ana kwa ana. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na mimi mpaka leo nalikumbuka upande usio wake.

Sasa, watoto wa tajiri wangu wamekua, kila mmoja ana gari lake na haraka zake. Mwanzoni mwa mwaka huu nikaambiwa, kwa wema kabisa, kwamba mwaka ukiisha nikapumzike nyumbani. Sikuhuzunika. Tanga nina nyumba ya vyumba viwili na baraza, mabati yake bado yanang'aa. Ijumaa ile nikamwambia mke wangu kwa furaha, "Haya mama, tunarudi nyumbani."

Akamimina karaki yake kwenye kisahani ipoe. Akaipuliza. Ndipo akasema, "Unarudi wewe. Mimi sijasema."

"Hujasema nini? Umepata bwana mwingine Umm Salal?"

"Bwana mwingine wa nini, huyu mmoja mwenyewe simjui."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi namjua bwana wa Ijumaa. Ameoga, amenyoa, ana kanzu ya kupigwa pasi, maneno yake mazuri. Wa Jumanne simjui. Wa Jumanne anakorofika? Ananuna? Anasema na mtu, au anakaa kutwa kama mtungi? Hapa bibi mkubwa wa ile nyumba ananihitaji, akiamka anauliza niko wapi. Niache mtu anayeuliza niko wapi, nikakae na mtu wa Jumanne nisiyemjua?"

Nikapiga hesabu. Tangu tuoane, ukijumlisha likizo zote, mimi na yeye hatujakaa chini ya dari moja hata mwaka mzima ulionyooka. Nilitangulia mimi huku, yeye akaja baada ya watoto kujitegemea, na alipofika akaingia jikoni kwa watu. Hata fungate yetu ilikatika. Kwetu bwana na bibi harusi hufungiwa siku saba, wanaletewa chakula, hawatumwi, hawasumbuliwi. Sisi siku ya tatu mwenye lori alikuja kubisha hodi, mkonge umelundikana. Nikatoka na shati la harusi. Wanawake wa nyumba ile walinitazama kama mwizi, na lori lenyewe likazimika kabla ya Muheza, lakini hayo ni mengine.

Safari ya Iskandaria, kule Misri, ilikuwa shauri lake. Yule bibi mkubwa wa Umm Salal hulala mchana na kuamka kutazama tamthilia za Kimisri, na mke wangu hukaa naye chini, akichambua mchele. Kwa miaka yote hiyo ameijua Iskandaria kuliko mimi ninavyoijua Tanga. Anajua ule ukuta mrefu wa kando ya bahari ambapo wanaopendana huenda kukaa, anajua ngome ya kale inayosimama mwisho wa ghuba, anajua tramu. Akasema, "Nipeleke pale. Tukae siku za fungate, tusitumwe na mtu. Tukirudi nitakupa jibu."

Binti yetu anafanya kazi hotelini hapahapa Doha, akashughulikia viza na tiketi na chumba. Mimi nilipoeleza chumbani, yule Mkenya alikaa kitandani akajipiga paja.

"Mzee! Honeymoon! Sasa buda, utambeba madhe mlangoni na huo mgongo?"

"Fungate," nikamwambia, "kwetu inaitwa fungate."

"Iite venye unataka. Beba dawa ya mgongo."

Nikabeba. Ilifaa, lakini si kwa sababu aliyofikiri.

Basi tukaenda. Nje ya uwanja wa ndege nikatafuta teksi, zile nyeusi na njano, kuukuu, milango inafungwa kwa kubembelezwa. Nikamfungulia mke wangu mlango wa nyuma, nikaufunga vizuri, nikaenda kukaa mbele na dereva. Njia nzima tulizungumza injini. Nilifurahi sana. Kumbuka hapo, nitarudi.

Hotelini, pale mapokezi, kulikuwa na bwana mmoja mpole wa miwani. Akatazama pasipoti zetu, akauliza huyu mama ni nani kwangu. Mimi Kiarabu nakijua. Yaani nakijua Kiarabu cha Doha, kile cha madereva, ambacho sisi, Wahindi, Wanepali na Waarabu wenyewe tumekishona viraka tukakivaa. Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye mali yake: "Hadha mara mal ana." Huyu mke wangu. Ndivyo tunavyosema.

Yule bwana akaangusha kalamu. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri lifti akageuka na kunitazama kuanzia viatu. Nikadhani hawajasikia, nikarudia kwa nguvu zaidi.

Mke wangu alikuwa ameshika ukingo wa kaunta, anatetemeka. Nilidhani analia. Anacheka! Akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Nyamaza, bwana we, unanitukana mbele za watu!"

"Nimetukana nini?"

"Hilo neno huku ni tusi. Katika tamthilia mtu akilisema, viti vinarushwa."

Kumbe mara ya Doha ni mke, na mara ya Misri ni mwanamke asiye na thamani. Neno lilelile. Yule bwana wa miwani akainama, akaniambia kwa upole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu, "Sema madam, ya hagi. Hii madam yako." Ya hagi ni ewe haji, wao ile j huikata ikawa g. Nikamwambia sijahiji bado. Akasema inshallah. Tukapewa ufunguo.

Madamu! Mke wangu alipanda ngazi ameinua shingo. Neno ambalo kwa miaka yote amelitumia kumwitikia mwenye nyumba, leo ni lake. "Umesikia?" akasema. "Leo nani madamu?" Nikamwinamia, nikambebea mizigo yote miwili, na mgongo ukalia hapohapo. Akanipaka dawa. Tulicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Na kweli nikamfanya madamu. Nilimfungulia milango. Nilitangulia kuuliza njia. Tukipanda teksi yeye nyuma, mimi mbele. Nilijiona muungwana.

Mezani ndipo palipokuwa na kazi. Mtu anayepika kwa watu hula wa mwisho, kasimama, sahani iko juu ya friji. Mimi nami dereva hula upesi, maana simu italia. Kwa hiyo siku ya kwanza tulipokwenda kula samaki, mimi nilikuwa nimemaliza wangu, na yeye hajamgusa wake kwa kunitolea mimi miba. Mhudumu alipokuja kuondoa vyombo, mke wangu akasimama akakusanya sahani, akaanza kwenda nazo jikoni. Mhudumu akamfuata mbio, "Ya madam! Ya madam!" Mmoja anavuta sahani, mwingine anavuta. Akarudi kukaa ameona haya, akaweka mikono chini ya mapaja kama mtoto chuoni.

"Haikai," akasema. "Mikono haikai."

"Itazoea," nikamwambia, huku mimi mwenyewe nikipapasa mfuko kutafuta ufunguo wa gari ambalo sikuwa nalo.

Siku hizo za mwanzo zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Bahari ya kule ni ya buluu nyingine, na ina kelele. Inapiga mawe na kurusha maji barabarani, watu wanachutama na kucheka. Wanauza mahindi ya kuchoma, wanapepea makaa kwa unyoya wa ndege. Mke wangu alimfundisha muuzaji kupaka ndimu na pilipili. Yule mtu akaonja, akakohoa, akatupa hindi la bure twende zetu.

Halafu ikaja Jumanne. Ndiyo, Jumanne yenyewe, wala sikuipanga.

Tukaenda kwenye ile ngome. Nilimkatia tiketi, nikampa, nikamwambia ingia, mama. Mimi nikaenda kivulini ambako mabasi ya watalii yameegeshwa. Na pale, bwana, niliwakuta wenzangu. Dereva humjua dereva hata akiwa amelala: kiatu nusu, funguo kidoleni, jicho moja mlangoni. Wakanisogezea kibao, wakanipa chai nyeusi kama wino. Kiarabu chao na changu vilikuwa vinapishana kama magari mawili kwenye kichochoro, lakini tulielewana juu ya breki, juu ya matajiri, juu ya magoti. Sijui nilikaa muda gani. Chai nilikunywa nyingi.

Mke wangu akatoka. Nikainuka haraka, nikapangusa kanzu, nikamwambia, "Umemaliza? Tuondoke?"

Vile ninavyosema kila siku kwa mwenye gari. Sauti ileile, maneno yaleyale.

Akatembea mpaka kwenye ule ukuta wa bahari, ule wa kwenye tamthilia, akakaa. Nikamfuata, nikasimama kando yake. Akasema bila kunitazama, "Mbona hukuingia?"

"Nilikuwa nakusubiri."

"Nani alikutuma unisubiri?"

Nikapangusa kanzu tena.

"Mle ndani," akasema, "juu kabisa, kuna dirisha jembamba, ukuta wake mnene kama kitanda. Ukitazama, bahari inaonekana kipande tu, kama kanga ya buluu imeanikwa. Nikageuka nikuambie, tazama, wameanika kanga. Nikawaambia watu nisiowajua. Mama mmoja Mrusi akanitikisia kichwa."

"Si ungetoka uniite?"

"Nikuite!" Sasa akanitazama, ana kwa ana, na kovu lake likawa upande wake. "Wewe ni wa kuitwa? Sikiliza nikwambie. Umadamu siutaki. Uliponiita madamu nilifurahi, nikajiona. Lakini mimi madamu ninawajua, ninaishi nao. Madamu hukaa nyuma peke yake, na wa mbele anazungumza na barabara. Madamu hufunguliwa mlango na mtu anayemngoja nje. Mimi sikusafiri kote huku kuja kungojwa nje."

Nikataka kusema kwamba ndiyo heshima niijuayo. Na ndiyo kweli. Mimi mtu nikimthamini, namngoja. Nimewangoja watoto wa tajiri mlangoni mwa shule, kwa daktari wa meno, harusini, juani, nikaona fahari kwamba hakuna hata siku moja waliyotoka wakanikosa. Lakini nilipomtazama mkononi nikaona kile kipande cha tiketi, kimekunjwakunjwa mpaka kikawa kidogo sana.

Akasema polepole, wala hakukasirika tena, "Basi. Nimemwona bwana wa Jumanne."

Hilo ndilo lililoniumiza. Njia ya kurudi tulitembea kwa miguu, nami nikajikuta niko hatua mbele yake. Nikapunguza. Nikajikuta niko nyuma. Sikuwa najua kutembea na mke wangu, yaani bega kwa bega, mwendo mmoja. Mtu mzima mwenye wajukuu, najifunza kutembea! Paka wa Iskandaria, ambao ni wengi kuliko watu, walikuwa wanatupita.

Kesho yake Jumatano nilinyoa, nikamwambia, "Nataka kuona kanga."

"Kanga gani?"

"Iliyoanikwa."

Akajifanya anatafuta viatu. Tukaenda. Wale madereva walikuwa palepale, wakanipigia kelele, "Ya hagi! Shai!" Nikaweka mkono kifuani, nikawaonyesha mke wangu, nikakata tiketi mbili. Ngazi za mle ndani ni za watu wa zamani waliokuwa na magoti mapya. Nilipumzika kila pembe, naye akapumzika nami, akijifanya anasoma vibao ambavyo hawezi kuvisoma. Juu kabisa akanivuta kwenye kile kidirisha. Hatukuenea wawili. Ilibidi shavu langu ligusane na lake. Upepo ulikuwa unaingia na chumvi, na ile bahari ilikuwa pale, kipande kirefu cha buluu, na pembeni povu jeupe likipanda na kushuka.

"Tena ina pindo," nikasema.

"Ina pindo! Jana sikuliona pindo."

"Jana ulikuwa na Mrusi."

Akanipiga kofi la mgongo, palepale panapouma. Tulikaa hapo mpaka watoto wa shule wakaanza kutusukuma.

Mchana tukarudi pale tulipokula samaki. Nilikula taratibu. Hujui kazi yake mpaka uijaribu: tonge, halafu unaweka mkono mezani, unazungumza, halafu tonge. Nilimtolea yeye miba. Aliniacha nimtolee, mikono ameikalia, na mhudumu alipokuja kuondoa sahani alitikisika kidogo lakini hakuinuka. Siku zilizobaki hatukufanya jambo lolote la kuandika. Tulilala mchana. Tulipanda tramu mpaka mwisho, tukakuta hakuna kitu, tukarudi. Nilinuna asubuhi moja kwa ajili ya goti, akaniona ninavyonuna, akaniletea chai, akaendelea na mambo yake. Nilikoroma, akaniambia nakoroma kama lori la mkonge. Nikamwambia hilo lori ndilo lililotukatia fungate. Akasema, "Hii je, imekatika?" Nikamwambia bado.

Siku ya kuondoka, teksi ikaja. Nilimfungulia mlango wa nyuma, nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma wa pili, nikaingia. Dereva akageuka na kupigapiga kiti cha mbele. "Ya hagi, huku! Huku mbele!" Nikamwambia hapana, nakaa na madam. Akanitazama kwenye kioo, na mimi nikaona jinsi dereva anavyotutazama, nikajua ninavyotazama watu siku zote. Mke wangu alitazama dirishani upande wake, lakini mkono wake ulikuwa katikati ya kiti, kiganja kimefunguka, kana kwamba ameusahau hapo. Nikaweka wangu. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege ina mashimo mengi kushoto, dereva aliyapata yote, na sikusema neno.

Jibu hakunipa. Si kwenye ndege, si Doha tulipofika. Binti yetu alimpeleka Umm Salal, mimi nikarudi Fereej Bin Mahmoud.

"Ehe, mzee, madhe amesema aje?" Mkenya akaniuliza kabla sijavua viatu.

"Hajasema."

"Aisee. Na mgongo?"

"Mgongo umesema."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Ilipofika Ijumaa niliosha gari la tajiri mara mbili, nikanyoa, kisha nikavua kanzu niliyopiga pasi nikavaa shati langu la kazi, lile lililopauka kwapani. Nilitaka anione wa Jumanne hata Ijumaa, aamue akiwa anajua. Nikasimamisha gari mbele ya geti lao Umm Salal. Sikushuka kufungua mlango, nikaona aibu kufungua, nikaona aibu kutofungua, nikabaki nimeshika usukani.

Akatoka na kapu lake. Akaja mpaka mlango wa nyuma, akaufungua, akaweka kapu kwenye kiti. Nikamtazama kwenye kioo, kama siku zote. Akaufunga. Kiooni hakukuwa na mtu tena.

Mlango wa mbele ukafunguka. Akaingia, akavuta mkanda, ukamshinda, nikamfunga mimi. Akalitazama shati langu.

"Ndiyo nini hili?"

"La Jumanne."

"Wa Jumanne mwache hapahapa Doha," akasema. "Mimi nakwenda Tanga na wa Jumatano."

Nikawasha gari. Halikwenda, nilisahau kuliingiza gia. Akaniambia, "Na ile nyumba yako, dirisha la jiko linatazama wapi?"

"Uani."

"Toboa lingine litazame barazani. Na meza iwe ya viti viwili."

Nimekwisha kumwandikia fundi. Kwa sasa ananielekeza njia kama mtu aliyezaliwa kiti cha mbele, kata hapa, punguza, huyo anaingia, nami dereva wa miaka yote hii naitika tu.